Nyumba Iliyoandikishwa Kuwa Meli

Nchi yetu nisingependa kuitaja jina. Si kwamba naogopa. Kwetu hakuna anayeogopa, na waliowahi kuogopa walishaonywa. Siitaji kwa heshima tu. Itoshe kusema kwamba tuna ziwa liitwalo Nyamuke, na tuna Mamlaka ya Mipaka ya Maji, kwa kifupi MAMIMA, ambayo kazi yake ni kuhakikisha ziwa halionewi na wananchi.

Kando ya ziwa hilo waliishi mzee Ndimbo Kalyoto na mkewe Sikujua. Mzee Ndimbo alikuwa mstaafu wa posta. Maisha yake yote aligonga mihuri, na mtu wa namna hiyo huishia kuamini kwamba kitu chenye muhuri ni cha kweli. Alipostaafu alinunua kiwanja kwenye mwinuko unaotazama ziwa, akapewa hati iliyogongwa mihuri mpaka maandishi hayasomeki vizuri, akajenga nyumba ya vyumba vinne yenye bati jekundu na baraza ya saruji. Sikujua aliipiga deki baraza hiyo kila asubuhi kana kwamba anatarajia ugeni. Kutoka barazani hadi majini palikuwa na mteremko mrefu wa nyasi. Mbuzi akitoka juu kwenda kunywa maji, alirudi akiwa na kiu upya.

Binti yao wa pekee, Jeneroza, alikuwa ameolewa mbali, ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo wazee hawa walikuwa wawili tu, wakiitana Baba Jeni na Mama Jeni, wakigombania redio jioni, na kwa kadiri ninavyojua hawakuwa wamemkosea mtu yeyote. Kwa mujibu wa sheria zetu hilo peke yake halimwondolei mtu tuhuma.

*

Asubuhi moja msafara wa magari ulisimama mbele ya baraza. Akashuka Mkurugenzi Mkuu wa MAMIMA, Mheshimiwa Dakta Pankrasi Libelo, mtu mwenye shahada kadhaa za udaktari, mojawapo akiwa ameisomea. Wapimaji wake hawakupiga hodi. Walipita sebuleni na vyombo vyao, wakaingia jikoni, wakavunja sakafu na kusimika bikoni ya mpaka, ya zege, katikati ya jiko na kabati la vyombo.

"Samahani, mama, sogeza sufuria," alisema mpimaji.

Sikujua akasogeza sufuria. Maharage yalikuwa bado hayajaiva.

"Mheshimiwa, karibu sana," mzee Ndimbo alisema, akifunga vifungo vya shati. "Lakini hicho ni nini?"

"Ukingo wa ziwa," alijibu Dakta Libelo.

Mzee alichungulia dirishani. Kule chini kabisa, baada ya nyasi, baada ya mawe wanapoanikia nguo, maji yalikuwa yanameremeta.

"Ziwa si lile pale, mheshimiwa?"

Dakta Libelo alimwekea mkono begani. Ni mtu mpole sana anapokuwa ameshaamua.

"Mzee wangu, yale ni maji. Mimi nazungumzia ziwa. Maji huenda na kurudi, hayana msimamo. Ziwa ni jambo la kisheria. Ziwa liko kwenye ramani, na ramani nimeisaini mimi mwenyewe."

"Kwa hiyo hapa ninapopikia ni ndani ya ziwa?" aliuliza Sikujua.

"Nusu ya jiko, mama. Kabati liko nchi kavu. Lakini liko ndani ya hifadhi ya ukingo, kwa hiyo nalo haliruhusiwi kuwepo."

Kisha akatoka barazani na kuwahutubia majirani, ambao walikuwa wamekusanyika kutazama bikoni itaangukia kwa nani. Aliwaambia kwamba ziwa limeteseka kimya kimya kwa muda mrefu, limekuwa likirudi nyuma kwa aibu kila mwananchi alipojenga choo, na kwamba serikali sikivu imesikia kilio chake. Majirani walipiga makofi. Wiki hiyohiyo wengi wao walihama, maana ramani iliwagusa nao, na walikuwa watu wenye busara.

Mzee Ndimbo hakuhama. Alikuwa na hati.

*

Kesi aliyoifungua mzee ilisikilizwa na Hakimu Tuvako, mtu mwadilifu aliyetaka kuona kila kitu kwa macho yake. Alifika kiwanjani, akatazama bikoni, akashuka mteremko mpaka majini, akavua viatu, akachovya kidole na kukiramba. Alipojiridhisha kwamba ni maji, akapanda tena akihema, akaketi kwenye kiti cha barazani na kutoa hukumu papo hapo.

"Mahakama imeona kwamba ramani na ziwa havikubaliani," alisema. "Kimoja kati ya viwili hivi kimevunja sheria. Ramani ina saini ya Mkurugenzi Mkuu. Ziwa halina saini ya mtu yeyote. Kwa hiyo mkosaji ni ziwa. Mlalamikaji asibughudhiwe mpaka MAMIMA itakapokuwa imelirekebisha ziwa."

Mzee Ndimbo aliruka kama kijana. Alichinja jogoo. Alimkumbatia mwanasheria wa MAMIMA, ambaye naye alimkumbatia kwa moyo mkunjufu kabisa.

"Tumeshinda, Mama Jeni!"

"Wamesema watalirekebisha," Sikujua alisema.

"Ziwa? Waanzie wapi? Ziwa ni kazi ya Mungu."

"Yule mwanasheria mbona alikuwa anacheka?"

"Mtu akishindwa vizuri hucheka," alisema mzee, akamwongezea supu.

*

Ziwa Nyamuke hutoa maji yake kwa mto mmoja tu, na kwenye mdomo wa mto huo kuna malango ya chuma yaliyojengwa zamani. MAMIMA iliyafunga. Ilikuwa sherehe nzuri: matarumbeta, utepe, ngoma za shule ya msingi, na fulana zilizoandikwa OPERESHENI LIREJESHE ZIWA NYUMBANI. Watu wa chini ya mto walipoona mto wao umekauka na samaki wamelala kwenye tope, walituma wajumbe kuuliza. Walijibiwa kwamba mto wao umeitwa mahakamani na utarudi shauri likiisha.

Maji yakapanda. Yalifunika mawe ya kuanikia nguo, yakaingia kwenye nyasi. Vyura walihamia chini ya baraza na kuimba kama kwaya iliyokosa mwalimu. Siku maji yalipolamba ngazi, Sikujua alikuwa na fagio mkononi, akayasukuma nyuma. Yakarudi. Akayasukuma tena. Mzee akamnyang'anya fagio taratibu, akamshika mkono wakaingia ndani.

Maji yalifika jikoni, yakaigusa bikoni, na Dakta Libelo akatangaza redioni kwamba sheria imeshika mkondo wake. Kisha yakaipita bikoni na kuendelea mpaka chumbani, kwa sababu maji, kama alivyotufundisha mwenyewe, hayana msimamo.

*

Baada ya hapo alikuja Bi. Devota Chisunga, Mkaguzi wa Vyombo vya Majini, kwa boti ndogo ya injini. Alikuwa mwanamke kijana, nadhifu, mwenye adabu. Alipiga hodi dirishani.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Poleni na maji."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutusaidia?"

"Nimekuja kuwaandikisha. Kwa sheria, jengo lolote lililo ndani ya ziwa na si gati, ni chombo cha majini. Chenu ni cha uvuvi, mizigo au abiria?"

"Ni nyumba," alisema mzee.

"Basi abiria. Kinaitwaje?"

Mzee Ndimbo alimtazama mkewe, aliyekuwa amekaa juu ya meza na miguu yake ikining'inia juu ya maji.

"Sikujua," alisema.

"Hujui, au hakina jina?"

"Ndilo jina. La mke wangu."

Bi. Devota aliandika M.V. Sikujua. Akauliza kama wana honi, maboya na kizima moto. Akaangalia bati, akaandika kwamba sitaha imepakwa rangi inayokubalika. Halafu akaeleza jambo lililobaki. Chombo chenye nahodha ndani yake ni mali halali ya mwenyewe, na hakuna mamlaka inayoweza kukigusa. Chombo ambacho nahodha ameshuka huitwa chombo kilichotelekezwa, na hapohapo kinakuwa mali ya serikali.

"Akishuka kwa muda gani?" aliuliza mzee.

"Sheria haitaji muda, mzee wangu. Inasema akishuka."

"Na nisiposhuka, nyumba ni yangu?"

"Yako kabisa, nahodha."

Alimpigia saluti. Na hapa niseme kweli, kwa sababu Sikujua mwenyewe ndiye aliyenisimulia: mzee alifurahi. Alisimama wima ndani ya maji yaliyomfika magotini, suruali ikiwa imekunjwa, akaipokea ile saluti kama mtu aliyeisubiri muda mrefu. Bi. Devota alipotoa muhuri na kuugonga kwenye cheti, mzee aliomba augonge mara ya pili, wa kwanza haukukolea.

*

Waliishi hivyo. Kitanda kilipandishwa juu ya matofali, jiko juu ya meza, redio juu ya kabati. Sikujua, kwa kuwa abiria hana kifungo, alitoka kwa mtumbwi kwenda kununua unga na mafuta. Mzee alibaki. Kila boti ya Dakta Libelo ilipopita, M.V. Sikujua ilitakiwa kupiga honi ya heshima, na kwa kuwa hawakuwa na honi, mzee aligonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko. Mara nyingi Dakta Libelo alikuwa na wageni kutoka nchi za mbali.

"Hawa ni wananchi wetu waliochagua maisha ya majini," aliwaeleza. Wageni walipiga picha na kupunga mikono.

Kisha akafa Merania, dada wa mzee, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alikuwa akiishi kilimani, ng'ambo ya yale maji mapya, na makaburi ya ukoo yalionekana kutoka dirisha la chumbani.

Siku ya maziko Bi. Devota alikuja mapema, akatia nanga mbele ya mlango wao, akafungua pakiti ya biskuti na kusubiri. Hakuwa na ubaya wowote. Mafunzo ya kazi yake yalisema vyombo vingi hutelekezwa nahodha anapofiwa.

"Baba Jeni," Sikujua alisema, amejifunga kanga yake nyeusi, "dada yako anazikwa."

"Namwona."

"Panda mtumbwi twende. Nyumba ni nyumba tu."

"Ndicho anachosubiri yule pale mlangoni."

"Achukue! Merania alikunyima chakula chake akupe wewe, leo unamtazama kwa dirisha?"

"Alikunyima" si neno alilokusudia; alitaka kusema Merania alijinyima. Lakini alikuwa analia, na mzee alimwelewa. Alivua kofia na kusimama dirishani. Nyimbo zilifika zikiwa zimekatikakatika na upepo. Waombolezaji walimwona, baadhi wakanyoosha mikono kumwita, wengine wakageuza nyuso. Alisimama mpaka udongo ulipokwisha kumwagwa. Kisha alitaka kufunga dirisha, likakataa, mbao zilikuwa zimevimba.

Bi. Devota alimaliza biskuti na kuondoka. Kabla hajawasha injini alisema, "Poleni sana na msiba." Na nina hakika alimaanisha.

*

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Malango yalikuwa yamefungwa, na ziwa halikuwa na mahali pa kwenda ila juu. Asubuhi moja ukuta wa sebule ulipasuka kutoka darini hadi majini, ufa mpana wa kupitisha mkono. Nyumba ililia kama mtu anayejigeuza kitandani.

Bi. Devota alifika na boti ya uokoaji, akaisogeza ubavu kwenye baraza isiyoonekana.

"Abiria ashuke kwanza," aliita. "Nahodha naye anaweza kuokolewa, ila atamke kwamba ametelekeza chombo. Neno moja tu, mzee wangu. Mimi ndiye shahidi."

"Wafungue malango," mzee alisema.

"Malango si idara yangu."

Sikujua alimshika mumewe shati. "Sema hilo neno, Baba Jeni. Lisemwe liishe. Tutakwenda kwa Jeneroza, tutalala hata ukumbini."

"Tukalale ukumbini kwa mkwe, na hali nina hati?"

"Hati haielei!"

Mzee akasema kwa sauti aliyoitumia zamani kaunta ya posta, akizungumza na mteja mwenye haraka: "Nenda wewe kwenye malango. Waambie hali ilivyo. Binadamu hawawezi kuambiwa jambo hili wakakaa tu. Mimi nitaegemeza ukuta kwa kabati. Ukirudi utakuta chai."

Akambeba mkewe mwenyewe, akamkabidhi kwenye boti. Boti ilimshusha malangoni, ikarudi kumsubiri nahodha.

Mlinzi wa malango alikuwa amekaa chini ya mwavuli anakula mahindi ya kuchoma. Alimsikiliza Sikujua mpaka mwisho, jambo ambalo si kila mtumishi wa umma angelifanya.

"Malango hufunguliwa mwenye ardhi iliyofurika akilalamika," alisema.

"Ndiye mimi. Nimekuja kulalamika."

"Hapana, mama. Hapa kwetu hakuna ardhi iliyofurika. Kuna meli moja tu, iko safarini."

"Hiyo meli ni nyumba yangu. Mume wangu yuko ndani. Inaanguka!"

"Meli haianguki, mama. Meli huzama. Ikishazama uje, kuna utaratibu wake."

Sikujua hakubishana tena. Alimpita, akalikamata gurudumu la chuma linalofungua malango, mwanamke wa umri ule, akaning'inia nalo kwa uzito wake wote. Likasogea. Chini yake uzi mwembamba wa maji ukaanza kupita kuelekea kwenye mto uliokauka. Walinzi wawili walikuja mbio, wakambandua vidole kimoja kimoja, wakamweka pembeni, na kulifunga gurudumu kama lilivyokuwa.

Aliporudi kwa mtumbwi wa mvuvi, juu ya maji palikuwa na kipande cha bati jekundu na mto wa kulalia. Bi. Devota alikuwa ndani ya boti, amelowa mpaka kichwani, kalamu mkononi.

"Nilimwita," alisema. "Nilimwita sana, mama. Alisema anakuja, anatafuta kofia. Nilikuwa karibu hivi. Ningeweza kumshika."

"Kwa nini hukumshika?"

"Alikuwa hajasema lile neno."

*

Mwili ulipopatikana, serikali ilimzika kwa heshima zote. Dakta Libelo alitoa hotuba iliyowaliza hata wapiga picha. Alisema taifa limepata nahodha wake wa kwanza kuzama na chombo chake, kwamba mataifa makubwa yana mashujaa wa aina hiyo kwa mamia na sisi tulikuwa hatuna hata mmoja. Sikujua aliomba mumewe azikwe kilimani, kando ya Merania. Alielezwa kwa upole kwamba manahodha huzikwa majini. Jeneza likafungwa mawe, likateremshwa ziwani, mizinga ikalia. Sikujua akavishwa nishani ya Abiria Bora.

Siku iliyofuata malango yalifunguliwa, kwa sababu lengo la operesheni lilikuwa limefikiwa. Ziwa likarudi nyuma, na jeneza la nahodha likabaki juu ya tope, katikati ya mteremko, likiwa limekaa upande. Kabla ndugu hawajafika, maofisa wa MAMIMA walishalikuta. Walilikagua, wakaona ni kitu kilichowekwa ndani ya hifadhi ya ukingo bila kibali, wakalichora alama ya X kwa rangi nyekundu, na kulipa notisi ya kujiondoa lenyewe.

Sikujua na shemeji zake walilibeba mchana kweupe, watu wakitazama, wakapanda nalo kilimani wakamzika Ndimbo kwa dada yake. Ile X haikufutika. Walimzika nayo.

Kiwanjani, MAMIMA ilijenga nyumba ya mapumziko ya ghorofa tatu. Wenye husuda waliuliza imejengwaje ndani ya hifadhi. Si nyumba. Ni meli, imeandikishwa, na Dakta Libelo ni nahodha wake. Sheria ya kutoshuka ilirekebishwa bungeni ili kuondoa usumbufu.

*

Tume ya kuchunguza ajali ya M.V. Sikujua ilikaa katika ukumbi wa kulia chakula wa meli hiyo mpya. Wajumbe wote walivaa maboya juu ya suti. Sikujua naye alivalishwa lake, la rangi ya chungwa, likambana shingoni. Kwenye kiti cha shahidi alionekana mdogo.

"Wewe ndiye abiria pekee aliyenusurika?" aliuliza mwenyekiti.

"Ndimi."

"Nahodha alikuwa na mafunzo gani?"

"Ya posta."

"Siku ya ajali alikuwa ametumia kilevi?"

"Alikuwa anataka kuchemsha chai."

"Jibu swali, shahidi."

"Hakunywa pombe maisha yake yote."

Mwenyekiti aligeuza ukurasa. "Tume inapata shida na jambo moja. Walioshuhudia wote wanasema chombo kilikuwa kimesimama. Hakikuwa na bandari kilikotoka, wala hatuoni bandari kilikokwenda. Tueleze wewe uliyekuwa ndani. Kilikuwa kinaelekea wapi?"

Sikujua aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine, na maboya yao.

"Kilikuwa kimeshafika," alisema.

Karani aliinua kalamu, akauliza aandike nini. Mwenyekiti alishauriana na wajumbe kwa kunong'ona, kisha akasema iandikwe kwamba chombo kilikuwa kinasafiri bila mwelekeo, kosa ambalo kisheria ni la nahodha, na kwamba tume inamshukuru shahidi kwa ushirikiano wake.

"Abiria anaweza kushuka," alisema.

Sikujua akasimama, akavua boya, akaliweka juu ya kiti, na kutoka nje kwa mguu, juu ya nyasi kavu.